Siku 41 za baiti 20

Jumanne niliamka, nikashika simu, nikakuta kuna mtu kafungua ishu, yaani kaandika malalamiko hadharani, kwenye kale kaprogramu kangu ka kukagua bekapu (nakala za akiba za data), kichwa chake kimeandikwa "Hii programu inadanganya". Basi. Hamna salamu, hamna toleo analotumia, hamna logi, na ile fomu niliyohangaika nayo wikiendi nzima ya kuuliza unatumia mfumo gani na umeisakinisha vipi kaifuta yote, kaacha sentensi mbili tu. Bekapu yangu ina baiti 20. Programu yako inaniambia SAWA kila asubuhi.

Nilikasirika bana, nisiwadanganye. Mtu anakuja kwenye kitu unachokifanya usiku baada ya kazi inayokulipa, yeye hajakulipa chochote, halafu anakuita mwongo kabla hujanawa uso, lazima kuna kitu kinapanda kifuani. Nikiwa napiga mswaki nilishaandika jibu zima kichwani, na lilikuwa jibu zuri sana, juu lina adabu chini lina sumu, linamalizikia na kile kipande cha leseni ya MIT (masharti ya kutumia programu yangu) chenye herufi kubwa tupu kinachosema programu imetolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote.

Kwa mgeni, hako kaprogramu kazi yake ni moja tu. Kanaingia kwenye folda unayowekea bekapu, kanauliza maswali matatu: faili la leo lipo? limeandikwa ndani ya saa 26 zilizopita? na kama ni la gzip, programu ya kubana mafaili, je, gzip -t inalikubali kwamba halijaharibika? Yote yakijibiwa ndiyo kanatuma ujumbe kwenye simu, SAWA, kwisha. Jibu moja likiwa hapana kanapiga kelele mpaka uamke. Mistari kama 900 ya Python, nilikaandika kwa ajili yangu mwenyewe ndio maana mpaka leo lugha yake ya kwanza ni Kiswahili na Kiingereza kililetwa na mchangiaji, na watumiaji sijui ni wangapi kwa sababu sijaweka kitu cha kuwahesabu na sitaweka.

Sasa kabla sijalituma lile jibu nikasema ngoja nijilinde kwanza. Maana jibu langu lilikuwa na ule mstari ambao kila mwandika programu anaujua na kila mtumiaji anauchukia, "mbona kwangu inafanya kazi", na nilitaka nikisema hivyo niwe na ushahidi. Nikaingia kwenye seva, nikaenda kwenye folda ya bekapu za Postgres, databesi yangu, nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na ukubwa wake kwa baiti.

20. 20. 20. 20. 20. Zimejipanga chini kwa chini kama meno.

Nilikaa pale nikiangalia ile safu nadhani dakika nzima. Mganga hajigangi walisema, lakini mimi nilikuwa najiganga kila siku, tatizo dawa yenyewe ilikuwa chupa tupu. Nikahesabu kurudi nyuma kwenye logi: siku 41. Asubuhi 41 simu imetetemeka, nimeona SAWA, nimeendelea na maisha.

Haya tuingie kwenye uchafu wenyewe, maana naamini kuna wengi humu mna skripti (faili la amri) hiihii.

Seva yangu ni lapitopu ya zamani iliyovunjika kioo, iko juu ya rafu, betri yake bado inashika kidogo kwa hiyo umeme ukikatika haizimi papo hapo, ina mfumo wa Debian 12 na juu yake Docker Compose, inayowasha kila programu ndani ya kasha lake, yaani kontena. Mbele yuko Caddy anayepokea wageni na kushughulika na vyeti vya TLS (usimbaji) mwenyewe, nyuma kuna Miniflux ya kusomea milisho (makala mpya za tovuti), Forgejo ya kutunzia kodi za programu zangu, na vikorokoro vingine. Miniflux na Forgejo zote zinatumia Postgres moja ambayo iko kwenye kontena. Bekapu ilikuwa inafanywa na cron, kipanga ratiba cha mashine yenyewe, nje ya kontena, mstari mmoja tu ambao nina uhakika nilikopi mahali fulani miaka hiyo: pg_dump inatoa data, bomba (alama ya kupitisha matokeo kwenda programu inayofuata), gzip inabana, mshale wa kuandika, faili lenye tarehe ya leo. Mwisho.

(Na ndiyo, mlango wa Postgres nimeuandika 127.0.0.1:5432:5432 na sio 5432:5432 tu, ili ufikiwe na mashine yenyewe peke yake. Docker inajiandikia sheria zake za mtandao kwenye iptables na ufw, ukuta wa ulinzi wa mashine, haina habari nazo, unaweza ukawa umefunga kila kitu kwenye ufw ukalala usingizi kumbe databesi yako inasalimiana na dunia nzima. Hilo nilijifunza mapema. Kila mtu ana siku yake.)

Siku 41 kabla ya hiyo Jumanne niliihamisha Postgres kutoka 15 kwenda 17. Na niliihamisha vizuri aisee, hapo sina cha kujilaumu, kwa sababu nilishajua kwamba folda ya data ya 15 haisomeki na 17, ukibadilisha namba tu kwenye faili la Compose kontena inagoma kuwaka na inakwambia kabisa kwamba hii data iliandaliwa na toleo lingine. Kwa hiyo nikatoa data yote kwanza, nikawasha kontena mpya yenye folda mpya, nikarudisha data, nikafungua Miniflux nikaona makala zangu zote, nikafungua Forgejo nikaona repo zote, nikajipongeza, nikalala saa 8 usiku.

Nilichosahau ni kwamba pg_dump inayoitwa na cron sio ile ya kwenye kontena. Ni ile ya Debian 12, na Debian 12 inakuja na Postgres 15. Na pg_dump ina msimamo mmoja mzuri sana, ikikuta seva ni mpya kuliko yenyewe haijaribu hata kidogo, inasema matoleo hayalingani, inaacha kazi, inatoka na alama ya kosa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Haikukosea popote.

Ila kwenye bomba, shell, ile inayoendesha amri, inaangalia alama ya kutoka ya programu ya mwisho tu. Ya mwisho ni gzip. Na gzip ilipewa nini? Ilipewa ukimya. Ikaubana ule ukimya kwa uaminifu wote, ikaweka kichwa cha baiti 10, katikati baiti 2 za kusema hamna kitu, mkia baiti 8, jumla 20, ikatoka na sifuri maana yake kazi imeenda vizuri. Na hapo ndipo kaprogramu kangu kanapopita asubuhi na maswali yake matatu: faili lipo, ndio. Ni la leo, ndio. gzip -t inalikubali? Ndio bwana, ni faili zima kabisa, halina mkwaruzo. Ni kifurushi kimefungwa vizuri, kimebandikwa tarehe, ndani hamna kitu.

Na ule ujumbe wa kosa wa pg_dump uliandikwa wapi? Hili ndilo linaloniuma. Cron ikikuta kazi imetoa maneno inajaribu kukutumia kwa barua pepe ya ndani ya mashine. Mimi sina programu ya barua kwenye ile seva, niliiondoa makusudi nikijisifu kwamba nimepunguza vitu visivyo na kazi. Kwa hiyo kila usiku kwenye logi kulikuwa na mstari unaosema hamna MTA, matokeo yanatupwa. Usiku 41 seva yangu imeniandikia barua, ikakosa mtu wa kuipeleka, ikaichana.

Mnakumbuka GitLab, ile huduma ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017? Mhandisi alikuwa amechoka, usiku, anahangaika na databesi ya pili iliyobaki nyuma, akafuta folda ya databesi kwenye mashine isiyo yenyewe, alipogundua na kusimamisha kati ya karibu GB 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakaenda kwenye bekapu za pg_dump wakakuta hamna kitu, kwa sababu pg_dump iliyokuwa inaitwa ilikuwa ya 9.2 na databesi ni 9.6. Na barua pepe za kuwaambia kwamba bekapu inashindwa zilikuwa zinakataliwa njiani kwa sababu ya DMARC, ule ulinzi dhidi ya barua pepe za kughushi. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa kama 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Waliandika kila kitu hadharani, na kazi ya kurudisha data waliirusha moja kwa moja watu wanaangalia, na kwa hilo mimi nawaheshimu mpaka leo.

Sasa ile ripoti mimi nimeisoma sio mara moja. Nimewahi kuitumia kuwafundishia watu. Nimesimama mbele ya watu nikasema "mnaona jamani, toleo la pg_dump", nikawaangalia kwa macho ya mtu ambaye hawezi kufanya kosa kama hilo. Halafu nikaenda nikalifanya lilelile, pamoja na sehemu ya barua.

Kuna kingine. Skripti yangu ina mstari wa kufuta bekapu zenye zaidi ya siku 30, ili diski isijae. Fanya hesabu. Ilipofika siku ya 31 bekapu ya mwisho nzima ikafutwa na mimi mwenyewe, na skripti yangu, kwa ratiba, bila kinyongo. Nakumbuka hata katikati ya mwezi niliangalia diski nikaona nafasi imeongezeka nikafurahi, nikadhani ile 17 inabana data vizuri zaidi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu ya kitaalamu.

Databesi yenyewe ilikuwa nzima, hamna kilichopotea, naomba hilo lieleweke maana kuna mtu ataniuliza. Muda wote huo Miniflux inafunguka, Forgejo inafunguka. Lakini kwa siku 41 kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya diski moja ya lapitopu ambayo umri wake hata sipendi kuutaja. Kitu cha kwanza kabla ya kugusa skripti yoyote nilifanya docker exec, yaani kuendesha pg_dump ya ndani ya kontena, toleo lilelile la seva, kwa muundo wake wenyewe (-Fc), na sikupumua mpaka nilipofanya pg_restore --list, ya kuorodhesha yaliyomo, nikaona majedwali yanashuka kwenye terminali. MB 212. Sijawahi kuipenda namba kama nilivyoipenda ile.

Baadaye nikaangalia ningekuwa wapi kama diski ingekufa Jumatatu. Kwenye mashine ya pili nina restic, programu nyingine ya bekapu, inayohifadhi picha za siku 7, wiki 4 na miezi 6, kwa hiyo za siku na za wiki zote zilikuwa zimejaa mafaili ya baiti 20, zimesimbwa vizuri, zimehakikiwa vizuri. Ya mwezi moja ilikuwa nzima, ya siku 10 kabla ya kuhamisha. Na kwenye folda yangu ya nyumbani nikakuta lile faili la siku ya kuhamisha, nililisahau kulifuta, linaitwa mpya_mwisho_KWELI.sql. Huo ndio mpango wangu wa dharura mjue, mimi ninayewahubiria watu nakala tatu aina mbili za vyombo na moja nje ya nyumba. Uvivu wa kufuta faili.

Watu huwa wananiuliza kwa nini najihostia, yaani naendesha seva yangu mwenyewe, si kuna huduma zinafanya yote hayo na wewe unalala. Jibu langu huwa ni lilelile, kile nilichokuwa nasomea milisho kilifungwa mwaka 2013 na mimi nikaambiwa pakua faili lako uende, nikasema sirudii. Na kweli toka hapo hamna aliyenifungia kitu. Ila toka hapo pia hamna wa kunistua. Huko kwingine kuna timu ya watu wana zamu za usiku, kwangu zamu zote ni zangu, pamoja na zile ambazo nimelala.

Basi nikarudi kwenye ishu ya yule mtu. Nikafuta lile jibu langu zuri (lilikuwa zuri kweli, bado linaniuma), nikaandika: uko sahihi, na mimi nina baiti 20, siku 41 sasa, narekebisha leo. Baada ya saa mbili akaweka dole gumba. Hakusema chochote kingine.

Nimekuwa nikifikiria sana wiki hii kuhusu ile lugha yake. Kwa sababu ukitunza mradi huria unafundishwa kujilinda na watu kama yule, na kuna sababu. Mnakumbuka habari ya xz, programu huria ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi, Machi 29, 2024. Mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine, uliwekwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na mtu aliyeuweka alitumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu, na sehemu ya kazi ilifanywa na akaunti zilizokuwa zinamsukuma mtunzaji wa mradi kwa maneno, mbona uko taratibu, mbona huongezi mtu mwingine, mradi unakufa. Yule mtunzaji alikuwa anaubeba mradi peke yake na alishasema hali yake sio nzuri. Yaani ukali wa watumiaji ulikuwa silaha kabisa, imepangwa. Kwa hiyo mtu akikwambia usikubali kusukumwa na maneno makali, yuko sahihi.

Lakini aliyeugundua ule mlango ni Andres Freund, na yeye ni mmoja wa waandishi wa Postgres, hakuwa anatafuta mlango wowote, alikuwa anapima kasi ya mambo yake kwenye Debian akaona SSH, ile ya kuingilia mashine kwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde na inakula CPU kuliko inavyotakiwa. Nusu sekunde. Sisi wengine tungesema mtandao uko vibaya leo, tukaendelea. Yeye akang'ang'ana nayo. Yule mtu wangu wa baiti 20 naye ni mtu wa namna hiyo, aliona 20 pale ambapo mimi niliona SAWA, na hana maneno matamu, na bado sijui nitatofautishaje watu wa aina hii mbili wakija wakiwa wameandika sentensi mbilimbili bila salamu. Labda kwa kuangalia wanataka nini. Hawa wa xz walikuwa wanataka funguo. Huyu alitaka nihesabu baiti.

Marekebisho yenyewe. Kwenye skripti ya bekapu ni mawili, pg_dump sasa inaitwa ndani ya kontena ili toleo lifuatane na seva daima, na nimeweka set -o pipefail ili bomba likivunjika popote skripti nzima ihesabike imeshindwa. Hiyo ya pili imenipotezea saa nzima, kwa mkono inafanya kazi, kwa cron inagoma, mkono, cron, mkono, cron, mpaka nikakumbuka kwamba cron inatumia /bin/sh na kwenye Debian hiyo ni shell inayoitwa dash sio bash, na dash ya Debian 12 haiijui pipefail kabisa. Nikaandika mistari iende kwenye faili lake lenye bash pale juu, cron iliite hilo faili, ikatulia.

Kwenye kaprogramu kazi ilikuwa kubwa kidogo. Sasa kanaangalia ukubwa na kulinganisha na wastani wa mafaili 7 yaliyopita yasiyo matupu, na kama ni data ya Postgres ya maandishi kanatafuta karibu na mwisho ule mstari ambao pg_dump huwa inauandika ikimaliza, wa kusema kwamba databesi imetolewa yote, kama haupo basi ilikatika njiani hata kama faili ni kubwa kama nyumba. Usiku wa kwanza kakanipigia kelele saa 10 alfajiri, nikaruka, kumbe mchana nilikuwa nimefuta makala za zamani kwenye Miniflux na data imepungua kwa zaidi ya nusu. Halali kabisa. Sasa kupungua ni onyo la kusubiri asubuhi, kelele ni kwa faili tupu au lililokosa mkia. Kuna mchangiaji alitaka tuweke mpangilio kila mtu achague asilimia yake, nimekataa. Nikiweka hiyo maana yake ni kwamba mimi nimeshindwa kuamua halafu nakuachia wewe uamue saa 10 alfajiri.

Lakini kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote sio kodi, ni lile neno. SAWA.

Ukiangalia vizuri yule mtu hakukosea kuniita mwongo. Kaprogramu kangu kaliona vitu vitatu vidogo, faili, tarehe, na kifungashio, halafu kakasema kitu cha nne kikubwa ambacho hakajakiona, kwamba bekapu yako iko sawa. Kama kangesema nilichokiona ni faili moja la leo lenye baiti 20, mimi mwenyewe kwa macho yangu ya usingizi siku ya kwanza tu ningeshtuka. Kwa hiyo nimeondoa neno SAWA kwenye programu nzima. Sasa ujumbe wa asubuhi, kwa mfano, ni: faili la saa 9:10 usiku, MB 212, jana lilikuwa MB 211, mkia upo. Hukumu utatoa wewe.

Nikadhani hiyo ni kazi ya nusu saa. Kumbe kuna watu wawili huko walikuwa na skripti zao zinazotafuta neno SAWA kwenye ujumbe, toleo lilipotoka skripti zao zikaanza kulia kwamba bekapu zimekufa. Sijawahi kuahidi popote kwamba hilo neno litabaki, lakini wao walilitegemea, na ukishatoa programu kila kinachoonekana kinageuka ahadi. Ikabidi nilirudishe lile toleo nyuma, nilitoe upya kama 2.0, na niandike kwenye maelezo ya juu kabisa kwa maneno ya kawaida. Niliyaandika nikimfikiria mtu anayeyasoma kwa simu, seva yake imegoma, kesho ana kazi. Yaani mimi.

Halafu tafsiri sasa. Yule mchangiaji wa Kiingereza alinitumia muundo wenye pengo la namba, pengo la jina la kitu, na neno la mwisho moja kwa vyote, kwa Kiingereza inatosha. Kwa Kiswahili jaribu: mafaili 3 yamekaguliwa, bekapu 3 zimekaguliwa, vifurushi 3 vimekaguliwa, watumiaji 3 wamekaguliwa. Kitenzi kinafuata jina, na namba inakaa nyuma ya jina sio mbele, huwezi kuweka pengo ukajaza kitu chochote. Ndio maana programu nyingi zikitafsiriwa zinasema vitu kama "3 faili imefutwa" na sisi tunazoea tunaona ndivyo kompyuta inavyoongea. Sio kosa la mtafsiri, alipewa mapengo na hana uwezo wa kugusa sentensi. Suluhisho ni kuandika sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, umoja wake na wingi wake, na kumwachia mtafsiri aipange anavyotaka. Nimefanya hivyo. Kodi imekuwa ndefu na mbaya, na inaongea kama mtu.

Jumamosi nikafanya kile ambacho nilitakiwa kufanya siku ileile niliyohamisha Postgres. Nikawasha kontena tupu ya Postgres 17 kwenye mashine ya pili, nikairudishia bekapu ya usiku uliopita, nikawasha Miniflux na Forgejo juu yake, nikaingia kwa nywila yangu, nikafungua makala niliyoiwekea nyota Ijumaa. Ipo. Kila kitu kilichukua dakika 14, na dakika 9 kati ya hizo ni za kutafuta nywila ya databesi ambayo nilikuwa nimeiandika kwenye faili la mipangilio la .env lililoko kwenye ileile seva ambayo kwenye hili zoezi tunajifanya imekufa. Hilo nalo nimelihamisha. Nimeweka kwenye kalenda, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Nikaona nimemaliza, nikafunga ile ishu, nikamshukuru yule mtu tena, safari hii kwa dhati.

Jana usiku kaandika. Sentensi moja, hamna salamu: "Vipi kama faili ni kubwa na lina mkia ila ni la wiki iliyopita, limekopiwa tu leo?"

Nilitaka kumwambia haiwezekani, tunaangalia tarehe ya faili. Halafu nikakumbuka kwamba cp, amri ya kukopi, bila -p inaliwekea faili tarehe ya kukopi, sio ya asili. Nikafungua skripti yangu ya kupeleka bekapu kwenye diski ya pili.

cp. Bila -p.

Bado sijamjibu.